Mgeni Hajashikishwa Mchi

Chumba cha mbele cha nyumba yangu, hapa Alunguli, kilikuwa cha cherehani za marehemu mume wangu. Sasa kimejaa waya. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, aliniomba akitumie na wenzake wawili. Nikamwambia akitumie, ila miguu ifutwe mlangoni na asile mtu mbele ya mashini. Wao wanaandika programu za ordinatere, yaani kompyuta. Mimi nilisoma kidogo tu kwa masista, na sitamdanganya mtu kwamba kazi yao naielewa. Naelewa yale wanayosema wakila. Na kwa kuwa wanakula kwangu kila mchana, nimesikia mengi.

Programu yao ni ya dawa. Nesi aliye mbali, kule ambako pikipiki inasukumwa kuliko inavyopandwa, anaandika kwenye simu yake dawa zilizobaki, na depo ya dawa ya hapa mjini inaziona kabla hazijaisha. Kazi hiyo naiheshimu. Mimi nilizaa na kulea wakati ambapo dawa ilikuwa ni jina tu.

Msichana mmoja alikuja msimu wa mvua, kutoka Punia, nyuma ya pikipiki, matope mpaka kwenye kope. Mjukuu wangu alikuwa amemwajiri bila kumwona, kwa kusoma kazi alizoziandika alipokuwa anasoma mjini Kisangani. "Koko, huyu ananishinda," aliniambia. Mjukuu wangu si mtu wa kusema maneno kama hayo. Msichana hakuwa na ndugu mjini, kwa hiyo nilimwekea kitanda katika chumba changu. Alinisalimia kwa kukunja goti, akapokea maji kwa mikono miwili, akaweka kikombe chini taratibu kama anaogopa kuamsha mtoto. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Jioni ile ile nilichukua mchi wangu, nikamshikisha mkononi, nikamwambia atwange sombe, majani ya mihogo ya jioni. Akatwanga vizuri, majani yakalainika, hata moja halikuruka nje ya kinu.

Makubaliano yake na mjukuu wangu yalikuwa hivi. Mwezi wa kwanza ni wa kujaribiwa. Kulikuwa na kipande cha programu ambacho depo ilikuwa inakingoja, akapewa yeye. Akikimaliza, anabaki. Mwezi ukiisha mikono mitupu, anarudi Punia kwenye sufuria. Nasema sufuria kwa sababu ndiyo kazi aliyoiacha, kuwapikia wachimbaji pembeni ya shimo, moshi machoni kutwa nzima. Aliniambia hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja mahali alipozaliwa.

Sasa kuna jambo ambalo nilichelewa kulielewa, na nadhani watu wengi hawalijui. Mtu mpya katika kazi yao haanzi kazi. Anaanza kutengeneza mashini. Lazima aweke ndani yake programu nyingi ndogo zinazoshuka kutoka mtandaoni, na kila moja inataka mwenzake wa umri wake. Moja ikiwa kuukuu, nyingine inakataa kukaa nayo, inabidi kutoa yote na kuanza upya. Mtandao wa hapa kwetu mnaujua. Wingu likipita unakatika, na kilichokuwa karibu kufika kinarudi kilikotoka. Tena pano za umeme wa jua zilizo juu ya bati langu zinashiba siku yenye jua, na siku zile jua lilikuwa linachungulia tu na kujificha.

"Mimi niliangalia ule mustari wa bluu wa kuonyesha programu inashuka, ukienda na kurudi mpaka nikaota ndevu," alisema mmoja wa wale vijana, yule mcheshi, ambaye mdomo wake hauna breki.

"Ndevu gani?" nikamwuliza.

"Zilianguka, koko. Kwa uchovu."

Msichana alicheka huku ameziba mdomo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake, na nilifurahi, ingawa uso wangu haukuonyesha. Uso wangu hauonyeshi vitu haraka.

Siku zikaenda, mstari wake uko pale pale. Mjukuu wangu akaanza kukunja paji la uso. Mchana mmoja, msichana alipokwenda kunawa, mjukuu wangu aliniinamia.

"Koko, nafikiri nilikosea juu ya huyu mutoto."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, njo shida. Anakaa tu. Nikimuuliza kazi iko namna gani, ananiambia iko muzuri, shefu. Lakini hakuna hata kipande moja ya kazi alileta. Depo wananipigia simu kila asubuhi."

"Ulimwonyesha pa kuanzia?"

"Nilimuambia yote siku ya kwanza. Muntu anayejua hii kazi anasikia mara moja, anaendelea."

"Na mwezi ukiisha?"

Alizungusha tonge lake kwenye sahani bila kulipeleka mdomoni. "Nitamurudisha kwao. Moyo hautaki, lakini watu wa depo hawatanihurumia mimi."

Kuanzia hapo nilimtazama yule msichana kwa macho mawili.

Jikoni kwangu alikuwa mtu mmoja, chumba cha mbele mtu mwingine. Jikoni alikuwa mwepesi. Alijua mafuta ya mawese yako wapi, alifukuza kuku wa jirani, alinikosoa hata mimi nikisahau pilipili. Akivuka kizingiti kwenda mbele, mabega yanapanda. Alikaa wima kwenye kiti, mikono kwenye magoti, macho kwenye kioo cha mashini. Mtu akipita nyuma yake, yeye anagusa vidude viwili vitatu vya mashini kana kwamba yuko katikati ya kazi. Mtu akishapita, mikono inarudi magotini. Mwingine angesema ni mvivu, au ni mjinga aliyejisifu. Mimi kukaa kule nilikujua. Niliwahi kukaa hivyo wakati wa vita.

Tulikuwa tumekimbia kijiji chetu, upande wa Kibombo, watu wa bunduki walipoingia. Mume wangu tulipotezana njiani, alikuja kutupata baadaye. Mimi na watoto tulifika hapa ng'ambo ya mto tukiwa na nguo za mwilini tu. Mama mmoja wa hapa, si ndugu yangu, si wa kabila langu, alitufungulia mlango wake bila kuuliza swali. Mungu amlaze pema.

Sasa kwetu, na kwao vilevile, mwanamke hagusi kinu cha mwanamke mwenzake. Mwenye nyumba lazima achukue mchi, akushikishe, aseme twanga. Hata kama ni dada yako wa tumbo moja. Mke mpya anangoja, mgeni anangoja, na anayengoja haulizi, maana kuuliza ni kama kudai. Wakati wa amani jambo hilo halina uzito wowote, mgeni anashikishwa mchi kabla hata miguu yake haijakauka. Lakini yule mama alikuwa na hofu zake. Mume wake alikuwa amekwama ng'ambo ya pili ya mto, na kila mlio ulimfanya asimame. Akasahau. Nami nikakaa.

Kila asubuhi alitoka kutafuta majani ya mihogo pembezoni, mahali ambapo bado palifikika, akaniacha na watoto wake na wangu. Akirudi, anakuta kinu kikavu. Hasemi. Mimi sisemi. Anatwanga mwenyewe, amechoka, tunakula tumeinamisha vichwa. Siku moja nikamsikia akimwambia jirani nyuma ya uzio wa matete: "Nimejiletea sultani mu nyumba. Anaweka mikono ku magoti, anangoja kuletewa." Iliniuma. Basi nikazidi kukaa wima, ili aone mimi ni mtu mwenye adabu. Na kadiri nilivyozidisha adabu, ndivyo alivyozidi kuona kiburi.

Kisha ikaja siku ambayo risasi zililia upande wa mtoni, hakuweza kurudi mpaka jua lilipoanza kushuka. Ndani kulikuwa na mpunga kidogo kwenye kikapu. Kinu kipo. Mchi upo, umeegemea ukuta. Watoto walilia mpaka wakalala kwa kuchoka kulia. Aliporudi na kuwaona wamelala mchana kweupe, wake na wangu wamechanganyikana kwenye mkeka mmoja, alisimama mbele yangu.

"Mama, uko na moyo gani wewe? Mupunga si iko pale?"

"Hukunishikisha muchi," nikamjibu.

Aliniangalia. Akageuka, akakiangalia kinu. Halafu akakaa chini kwenye udongo na kitenge chake safi, akaanza kucheka, machozi yanateremka, na mimi nikakaa chini pembeni yake nikacheka hivyo hivyo, tunazibana midomo tusiamshe watoto. Alipoinuka alichukua mchi, akauweka mkononi mwangu, na mkono wake akauacha juu ya wangu kwa muda. "Twanga, dada," akasema. Nilitwanga kwake mpaka vita ilipopoa. Miaka mingi baadaye alipofariki, mimi niliosha mwili wake, mimi na binti zake, na hakuna mtu aliyeuliza mimi ni nani.

Kwa hiyo nilimwita yule msichana wa Punia anisaidie kuchagua mchele. Tulikaa na ungo katikati yetu, tunatoa vijiwe.

"Unangoja nini kule mbele?" nikamwuliza.

"Mashini haijakuwa tayari, koko."

"Sikuuliza mashini. Nimekuuliza wewe."

Alitoa kijiwe, akakiangalia sana, akakitupa. "Iko fasi moja, wanaweka kazi yao yote pale. Inafungwa na neno la siri. Nisipoingia pale, hata nikishusha hizi programu zote, mashini haiwezi kuisha."

"Na neno hilo hukupewa."

"Bado."

"Uliliomba?"

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Koko. Ile njo chumba yao ya ndani. Watanipa wakiona nafaa."

"Na wao wanangoja waone unafaa ndipo wakuone mtu."

Chozi lake likadondoka kwenye ungo. Nilimwambia asililie mchele wangu, haujafika saa ya kutiwa chumvi. Kisha nikamsogezea kitambaa, nikaendelea kuchagua peke yangu, ili alie vizuri bila kazi mkononi.

Halafu nikainuka nikaenda mbele na vumbi la mchele mikononi. Mjukuu wangu alikuwa kwenye simu na depo. Nikasimama mpaka akamaliza, na alimaliza haraka kuliko alivyotaka.

"Huyu mtoto wa watu, ulimshikisha mchi?"

"Koko, hapa sisi hatutwangi," akasema mcheshi.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja." Nikamweleza mjukuu wangu habari ya neno la siri.

"Alishapewa," akasema. "Kila muntu anapewa." Kisha akasita. Akamgeukia mwenzake. "Wewe nani alikupa?"

"Yaya yule, mukubwa wetu wa kazi aliyehamia Goma. Alininong'oneza siku ya kwanza."

"Mimi vilevile," akasema yule wa tatu, ambaye kwa kawaida hata salamu anaitoa kwa kichwa.

Wakaangaliana. Mtu aliyekuwa anawapokea wageni alikuwa ameondoka, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba hiyo ilikuwa kazi, kwa kuwa aliifanya kwa kunong'ona. Mjukuu wangu alijishika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye akaenda jikoni mwenyewe, akachuchumaa karibu na ungo, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu akiwa mdogo.

"Dada, mbona hukuniuliza?"

"Shefu, mimi ni mgeni."

"Nilikuwa nataka kukurudisha."

"Najua. Nilisikia."

Mjukuu wangu akamwambia lile neno pale pale, sikioni. Mimi nikageuza uso kwa sababu halikuwa langu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilikosea, na mjukuu wangu alinicheka kidogo. "Koko, neno si mchi. Neno limefungua mlango tu, vyombo bado viko njiani." Na kweli, mvua ilipiga, mstari ule ukarudi kulala, na mwezi ulikuwa umebaki mkia.

Wakati wa chakula, msichana akaweka kijiko chini.

"Shefu, naomba kitu."

Vijiko vingine vikasimama.

"Usinidai kazi ya depo sasa. Naomba munipe mashini zenu, asubuhi moja tu."

"Za kufanya nini?"

"Hivi vitu ninangoja vishuke toka mbali, viko humu mu nyumba. Kila mumoja wenu anavyo, vilishashuka zamani. Nitavikusanya fasi moja, kwenye ile disike ndogo ya kuweka kazi, nichague vyenye kupatana umri. Halafu nitaandika programu kidogo yenye kuvipanga yenyewe, hiki kwanza, kile baadaye. Muntu mupya atachomeka disike, atangoja kidogo, ataanza kazi. Hata mvua ikinyesha."

"Na mwezi?"

"Mwezi unaisha hata nikiangalia mustari."

"Amekushika, shefu," akasema mcheshi.

Mjukuu wangu alinitazama. Mimi nikaitazama sombe. Nilikuwa na maneno mengi, lakini ile ilikuwa kazi yake, na aibu ya kumfukuza mtu au kumwacha abaki ingekuwa yake pia. Alifikiri mpaka wali ukapoa. "Chukua," akasema mwishowe. "Lakini siku hizo zinahesabika ndani ya mwezi wako."

"Zihesabike."

Alizikusanya mashini zao mezani, akafanya kazi. Sikuona mikono yake kwenye magoti tena. Aliuliza. Aliuliza hiki ni cha nini, nani aliweka hiki, kwa nini chako ni kipya kuliko cha mwenzako, na wale vijana wakagundua kwamba mambo mengine hata wao hawajui majibu yake, waliyakuta tu. Ilipofika wakati wa kujaribu, ikahitajika mashini iliyofutwa kila kitu, tupu kama siku ya kununuliwa. Wakaangalia chini wote. Mcheshi ndiye aliyeitoa yake.

"Nikipoteza vitu vyangu, nitahamia jikoni kwa koko."

"Utaosha sufuria," nikamwambia.

Mara ya kwanza ilikwama katikati. Msichana aliuma mdomo, akarekebisha, ikakwama mbele kidogo. Akarekebisha tena. Mimi nilibandika wali jikoni, na maji hayajakauka nikasikia kelele za viti. Mcheshi alikuja mpaka mlango wa jiko kunionyesha mashini yake kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Sikuona kitu ila herufi. Lakini yeye niliona uso wake, na nikamwambia ni vizuri, ila aondoe hicho kitu kwenye moshi.

Siku zilizobaki msichana alikimbizana na kazi ya depo. Alipungua mwili. Nilimpelekea uji pale pale mbele ya mashini, na hakuna mtu aliyethubutu kunikumbusha sheria yangu. Asubuhi ya mwisho wa mwezi, nesi wa kituo kimoja cha njia ya Lubutu aliandika dawa zake, na watu wa depo wakaziona. Mjukuu wangu alipokea simu yao nje, akarudi, akasimama mbele ya msichana, hajui aanzie wapi. Wanaume wa ukoo wetu wako hivyo.

"Kuna muntu mupya anakuja baada ya sikukuu," akasema. "Toka Obokote. Utamupokea wewe."

"Mimi? Nitakuwa niko bado hapa?"

"Sasa utamupokea namna gani ukiwa Punia?"

Msichana akachukua simu yake, akatoka mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kona ambako mtandao unashika, na nikajua anaongea na kwao kwa jinsi alivyokuwa akichora ardhi kwa kidole cha mguu. Baadaye akaniletea simu. "Mama anataka kukusalimia."

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa umri wa binti yangu, na nyuma yake watu wengi wanapiga kelele na chuma kinagonga jiwe.

"Mama mukubwa, nakusalimia. Mutoto hakusumbui?"

"Hanisumbui."

"Anakula?"

"Anakula."

"Ni mutoto wa kunyamaza, mama. Hata akiumwa hasemi. Toka mudogo. Mimi, ile njo kitu ninaogopaka."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa mlangoni, mkono kiunoni, anagombana na mcheshi juu ya nani aliyemaliza chaji ya bateri, na mcheshi alikuwa anarudi nyuma.

"Sasa anasema," nikamwambia mama yake. "Usiogope tena."

Nikadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilimsikia anapumua, kisha akapenga kamasi, na kile chuma kikaendelea kugonga huko kwao. Sikuwa na neno lingine la kumpa, na yeye hakuniomba. Nikabaki na simu sikioni, tumenyamaza wote wawili, mpaka unite za simu zikaisha.